Maswali ya wasomaji: Mwanya wa kuchongwa na meno ya kahawia

SWALI: Daktari, shikamoo. Binti yangu wa miaka 19 anaolewa Desemba, korosho zikishauzwa, na anataka mwanya kama wa bibi yake. Amempata fundi anayechonga kwa tupa ndogo, kazi ya dakika chache, bila sindano ya ganzi. Anasema jino ni mfupa tu, haliumii. Nimkatalie?
Mama wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mama. Mkatalie, lakini umweleze sababu, kwa kuwa anachokitaka si upuuzi: mwanya ni urembo unaosifiwa pwani yote, na hata wazee wa Kimakonde wa zamani walichonga meno yao kwa kujipamba. Kuupenda mwanya si kosa. Hatari imo katika njia ya kuupata.

Jino si mfupa mtupu. Kwa nje limevikwa enameli, gamba gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, ambalo likishaondoka halioti tena. Chini yake kuna dentini, yenye rangi ya manjano na vijitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye kiini chenye neva. Ubavuni mwa meno ya mbele, pale hasa panapochongwa, gamba hilo halifiki unene wa milimita 1, na kadiri linavyoukaribia ufizi ndivyo linavyozidi kuwa jembamba. Sasa chukua mwanya wa milimita 2, ugawanye kwa meno mawili, utaona kwamba tupa imekwisha kulipita gamba na kuingia ndani. Madaktari wa kupanga meno nao hupunguza ubavu wa jino inapobidi, lakini kwa takribani robo ya milimita tu kila upande, kisha hupalainisha na kupapaka floridi, madini ya kuliimarisha gamba.

Niliwahi kumtazama msichana aliyechongwa miaka miwili kabla ya kunijia. Kwenye kioo changu kidogo, ubavu wa kila jino ulikuwa na mstari wa manjano, na juu yake michirizi ya tupa iliyoshika rangi ya chai. Hata dafu alilinywa kwa upande mmoja wa mdomo, akiogopa ubaridi usimguse mbele. Tulipaziba kwa dawa ya rangi ya jino, nayo italazimika kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, maisha yake yote. Aliumia sana, na aliumia bure. Tena tupa inayotoka mdomo mmoja kwenda mwingine bila kutakaswa kwenye mtambo inaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B.

Akiung'ang'ania mwanya, waya za meno zinaweza kuyatenganisha meno bila kuyakata, ila ni kazi ya miezi, na yasipowekewa kizuizi hurudiana. Kwa harusi ya Desemba hatauwahi.

SWALI: Daktari, nimekulia Arusha, na meno yangu ni ya kahawia. Kila asubuhi nayasugua kwa limau na unga wa mkaa, hayabadiliki, na sasa yanakufa ganzi. Dawa ya kung'arisha itanifaa?
Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu, limau uliache leo. Ikiwa ni madoa ya floridi, kama ninavyodhani, rangi hiyo iliingia meno yalipokuwa yakiumbika ndani ya ufizi, kabla hujatimiza miaka 8, kwa maji yenye floridi nyingi kama ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Limau linalainisha gamba, mkaa unalikwangua, na doa linabaki palepale.

Dawa ya kung'arisha, ile yenye peroksaidi, hufifisha madoa mepesi. Yaliyokolea huhitaji daktari aondoe tabaka jembamba sana la juu, au ayavike meno gamba la bandia, na hilo la pili halina kurudi nyuma, kwa kuwa jino hupunguzwa kwanza. Jino lililozibwa halibadiliki rangi kwa dawa, na mwenye mimba au anayenyonyesha tunamwomba asubiri. Ganzi inayoletwa na dawa hiyo ya kung'arisha kwa kawaida hupita ndani ya siku chache, lakini hii uliyo nayo itibiwe kwanza, kwa hiyo anzia kliniki ya kinywa na meno ya hospitali iliyo karibu nawe, ukaseme waziwazi habari ya limau na mkaa.