Gari Lenye Seramiki Huharibikia Kwenye Kukausha

Shemeji yangu anakaa Muheza. Wiki jana kanipigia simu: “Shem, gari nimeshalipiga seramiki. Sasa naoshea nini?” Nikamuuliza na mimi: unakaushia nini? Akacheka. “Taulo, kwani kuna kingine?” Seramiki ni ile dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ya gari, ikakauka na kuwa tabaka la kuikinga. Hapo nikaona afadhali niandike, maana hilo taulo ndilo lililonigharimu mimi.

Gari langu ni Harrier nyeusi. Gari jeusi ni kama kanzu nyeupe, halifichi kitu. Nililipeleka Dar, likalala kwa fundi siku mbili, nikarudi nalo Tanga maji yakikimbia kwenye boneti kama yamemwagwa kwenye jani la myugwa. Fundi aliniusia mambo mawili: lisiguswe na maji wiki nzima, na baada ya hapo nisimpe mtu yeyote anioshee. La kwanza nililishika. La pili nilidhani ni maringo ya mafundi wa Dar.

Mwezi haujaisha nikalipeleka kwa vijana wa kuosha magari, Ngamiani. Vijana wazuri, wachangamfu, gari dakika ishirini limemaliza. Sponji yao ilikuwa kipande cha godoro, kimetoka kwenye tairi la daladala kikaingia kwenye ndoo, kikatoka kwenye ndoo kikapanda kwenye mlango wangu. Usiku nikiwa kituo cha mafuta, nikaona chini ya taa boneti imejaa miduara myembamba, kama utando wa buibui ulioizunguka taa. Niliposogea nayo ikasogea. Nikapangusa kwa mkono nikidhani ni uchafu.

Wengi tunaamini seramiki ni bati. Siyo. Ni tabaka la mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) juu ya klia, ile vanishi angavu inayofunika rangi, na klia yenyewe ya kiwandani mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Ile “9H” wanayojisifia nayo kwenye makopo ni kipimo cha ugumu wa penseli za kuchorea, haihusiani na almasi. Punje ya mchanga wa ufukweni ni ngumu kuliko tabaka hilo. Kazi ya seramiki ni kuufanya uchafu usishike sana, ili utoke kwa maji bila kusuguliwa. Ukilisugua gari kwa mchanga, litachubuka tu.

Na Tanga mchanga si wa kutafuta. Kuna vumbi jekundu la Muheza, kuna vumbi la chokaa ukipita Pongwe, na kuna chumvi. Kusi likianza kuvuma baada ya masika, pitisha kidole kwenye kioo cha mbele asubuhi, kilambe: utaonja bahari. Waja leo waondoka leo, ndivyo wanavyoutania mji wetu, lakini vumbi la huku halina habari na msemo huo. Hapo sijawataja kunguru.

Kabla ya kununua chochote, basi, kuna kitu cha kuacha, nacho ni kufuta gari likiwa kavu. Mlinzi wetu, Mungu ambariki, alikuwa kila alfajiri akilifuta gari kwa tambara kavu kama zawadi yake kwangu. Nilichelewa kumwambia kwa sababu ya haya. Siku niliyomwambia alinitazama kama nimekataa chai yake. Lakini gari lenye chumvi na vumbi likifutwa kavu ni sawa na kupigwa msasa laini kila siku, na miduara yangu mingine naamini ilitoka hapo, siwalaumu vijana wa Ngamiani peke yao.

Sasa manunuzi. Pesa yako nyingi iende kwenye vitambaa. Si kwenye mashine ya presha, si kwenye povu la rangi tatu.

Tafuta maikrofaiba. Kitambaa cha pamba, hata fulana kuukuu iliyolainika, kinabeba punje ya mchanga juu juu na kuiburuta kwenye rangi. Maikrofaiba nzuri ina nyuzi zilizopasuliwa ndogo sana ambazo huimeza punje ndani ya manyoya yake. Kwenye lebo utaona mchanganyiko wa poliesta na poliamidi, 80 kwa 20 au 70 kwa 30. Kile chenye poliamidi nyingi zaidi ni laini na kinanyonya maji vizuri, kwa hiyo 70 kwa 30 nakiweka kwa kukaushia. Dukani kipitishe kwenye kiganja: kizuri kinakwaruzana kidogo na ngozi kavu ya vidole, kinang'ang'ania. Kikiteleza kama nailoni kirudishe. Tazama na ukingo wake. Kama umeshonwa kwa uzi mgumu wa plastiki, huo uzi ndio utakaochora rangi, na ile lebo ya pembeni ing'oe kabla ya chochote.

Nina vitambaa vidogo kumi vya kuoshea na mataulo makubwa mawili ya kukaushia. Vile kumi navitumia hivi: vyote vinazama kwenye ndoo moja ya maji ya shampuu. Natoa kimoja, nakikunja mara nne, naosha paa kwa upande mmoja, nageuza, naendelea. Pande zikiisha nakitupa kwenye beseni la vichafu, hakirudi ndooni kamwe. Nachukua kingine. Naanzia juu kushuka chini, na sehemu ya chini ya milango ni ya mwisho kabisa. Watu wengi wanafundisha ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia, na wavu chini ya ndoo ili mchanga utulie. Ni njia nzuri, nimeitumia. Lakini inakula maji, na wavu wenyewe mjini kwetu sikuuona, nililazimika kuagiza. Vitambaa vingi kwenye ndoo moja ya lita 20 vinamaliza kazi bila wavu wowote.

Rimu zina vitambaa vyake na ndoo yake, basi. Unga wa breki unaoganda kwenye rimu ni chuma, unachora.

Shampuu isikuumize kichwa. Chagua iliyoandikwa pH 7, yaani si tindikali wala magadi, au inayokaribia hapo, isiyo na nta wala “kung'arisha” ndani yake. Nta inakaa juu ya seramiki na kuifunika, halafu unaanza kushangaa mbona maji hayakimbii kama zamani. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, ni kali upande wa magadi, na ukiizoea italila tabaka taratibu. Sabuni ya maji ya vyombo haitaliua gari kwa siku moja, ila haina ule utelezi wa kukiepusha kitambaa na mkwaruzo. Pima kama chupa inavyosema. Ukizidisha povu unajiongezea maji ya kusuuza tu.

Kabla kitambaa hakijagusa gari, maji kwanza, mengi, kuanzia juu, hasa pale chini ya milango na nyuma ya magurudumu. Mpira wa bustani unatosha. Kama una mashine ya presha, iweke mbali, isichimbe mipira ya madirisha.

Maji yenyewe ndiyo yaliyonipa adabu mara ya pili.

Nyumbani nina kisima. Mji huu umekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, mapango ya Amboni nayo ni ya chokaa, kwa hiyo maji ya kisima yanapanda na chokaa yake. Birika langu ndani ni jeupe. Nililiosha gari saa tano asubuhi, jua kali, nikaenda kupokea simu. Niliporudi kila tone lililokuwa limejikusanya kwa uzuri wake wa seramiki lilikuwa limekauka na kuacha pete nyeupe. Gari lisilo na seramiki maji hutandaa na kukauka kama shuka. Lenye seramiki hujikusanya matone, na kila tone likikauka chokaa yake yote inabaki pale katikati. Ile sifa uliyoilipia ndiyo inayokutia madoa.

Kwa hiyo siku hizi naosha alfajiri au baada ya alasiri, gari likiwa kivulini na boneti imepoa. Naosha kwa kisima lakini nasuuza mwisho kwa maji laini, yaani yenye chokaa kidogo. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, kwangu yameacha madoa machache kuliko kisima. Maji ya mvua ni bora zaidi. Ile mvua ya kwanza iachie ioshe bati, maana juu kuna chumvi na kazi za kunguru, kisha kinga za baadaye, uziache zitulie, uchuje kwa kipande cha kanga. Kiangazi mvua hakuna, hapo naegemea kiyoyozi. Usicheke. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ni mvuke uliogeuka maji, hayana chokaa, na kwa unyevu wa Tanga ndoo yangu ya lita 10 inakaribia kujaa usiku mmoja. Nayatia kwenye kopo la kumwagilia maua, napitisha paa, vioo na boneti. Majirani wanadhani nalitambikia.

Mpira wa maji nao una ujanja wake. Mwisho wa kusuuza ondoa bastola yake ya kurushia maji, acha maji yatoke mzigo mzigo bila kurushwa, ukianzia juu ya paa. Kwenye seramiki iliyo safi maji yanajivuta yote pamoja kushuka, na gari linabaki limekauka zaidi ya nusu bila wewe kuligusa. Kisha bloa. Ile ndogo ya umeme wanayotumia mafundi wa kompyuta kupulizia vumbi inatosha. Puliza nyuma ya vioo vya pembeni, mikononi mwa milango, kwenye nembo, taa za nyuma, kibati cha namba, sehemu ambazo hudondosha maji dakika tano baada ya wewe kujipongeza.

Ndipo taulo. Kubwa, zito, gramu 500 na kuendelea kwa mita ya mraba, la manyoya ya vitanzi vilivyosokotwa. Lilowanishe kidogo, likamue. Litandaze lote kwenye boneti kama unavyotandika kitambaa cha meza, shika pembe mbili, livute polepole kuja kwako. Hakuna kusugua, hakuna kukandamiza. Ukiwa na dawa ya kupulizia yenye silika, mbonyezo mmoja kwa kila sehemu kabla ya taulo kupita, linateleza. Usipokuwa nayo gari halitalia.

Shami la mpira, kile kitambaa laini kama ngozi kinachouzwa ndani ya kopo, nalo sikushauri. Linakausha kweli, lakini halina manyoya, punje iliyobaki haina pa kujificha isipokuwa kati yake na rangi.

Taulo likianguka chini, limekwisha kazi hiyo. Sisemi likung'utwe. Langu moja liliponyoka mkononi likatua kwenye mchanga wa uani, nikalikung'uta, nikalikagua, nikaona liko sawa, nikaendelea na mlango wa dereva. Mstari wa urefu wa kiganja upo hadi leo chini ya mkono wa mlango. Taulo hilo sasa linafuta rimu.

Kufua vitambaa nako kuna mambo. Vyenyewe peke yake, visichanganywe na pamba, maana vinakusanya manyoya ya kila kitu. Sabuni ya maji kidogo, maji ya uvuguvugu, na ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo usiitie hata tone, inaziba nyuzi, taulo linakuwa kama limepakwa mafuta, linasukuma maji badala ya kunywa. Usianike juu ya michongoma wala kwenye kamba ya katani. Nyumbani nimefunga kamba ya plastiki ndani ya veranda.

Miezi minane baada ya ile safari ya Dar maji yaliacha kukimbia. Fundi mmoja wa hapa akaniambia seramiki imekufa, tulipige upya, akataja bei. Nikaomba siku mbili. Nikachukua siki nyeupe ya jikoni, nikachanganya nusu kwa nusu na maji, nikalowesha kitambaa, nikakilaza kwenye nusu ya kulia ya boneti iliyopoa kwa dakika chache, bila kuacha ikauke, nikasuuza kwa maji mengi. Kisha nikamwaga kopo moja la maji ya kiyoyozi boneti nzima. Kushoto yalitandaa yakalala. Kulia yalikusanyika, yakakimbia yote hadi kwenye bampa, na kijana wa jirani aliyekuwa akitazama kutoka ukutani akauliza, “Anko, hiyo dawa inauzwa wapi?”