Mfarishi wa kitambaa ulichokipausha mwenyewe: kazi yote iko kwenye beseni

Watu wakiona mfarishi, yaani tandiko la vipande vya kitambaa vilivyounganishwa na kutiwa tabaka la pamba ndani, wa vitambaa vilivyopaushwa kwa mkono, swali la kwanza huwa ni la mshono. Umeunganishaje? Umetumia cherehani au mkono? Mimi huwarudisha kwenye beseni, kwa sababu mshono mbovu unafumuliwa na kushonwa upya, lakini kitambaa kilicholiwa na jiki ndiyo basi tena.

Niliwahi kuletewa mfarishi nirekebishe. Ulikuwa mzuri kweli, mweusi wenye maumbo ya rangi ya kutu, na aliyeushona alijua kazi. Sehemu nyeusi zilikuwa imara kabisa. Kila palipopauka, kitambaa kilikuwa kimeachia pembeni mwa mshono. Uzi wa kushonea ulikuwa mzima, kilichokatika ni nyuzi za kitambaa chenyewe. Nikashika kwa vidole gumba viwili, nikavuta kidogo, kikafunguka kimyakimya, bila ule mlio wa pamba inapochanika. Kwa kitambaa cha namna hiyo hata kiraka hakina pa kushikia. Nilimshauri mwenyewe auweke ukutani kama pambo.

Jiki ni maji yenye sodiamu haipokloraiti. Inavunja rangi, na haina habari kwamba wewe ulitaka rangi tu. Isipozuiwa inaendelea na pamba. Zamani huko Ulaya vitambaa vilitandazwa majanini, vikapigwa jua wiki hadi miezi ndipo viwe vyeupe. Mfaransa Claude Louis Berthollet alipoonyesha miaka ya 1780 kwamba klorini inaweza kufanya kazi hiyo, muda ukapungua sana. Leo sisi tunahesabu dakika, kwa hiyo simama hapohapo beseni lilipo. Simu ikiita, iache iite.

Tuanze na kitambaa. Kiwe pamba asilimia 100. Poliesta haitoi rangi kwa jiki, kwa hiyo kitambaa cha mchanganyiko kitakuachia rangi ya nusunusu isiyopendeza. Hariri na sufu usizijaribu kabisa, zinaharibika humohumo majini. Vitambaa vinavyovutika navyo viweke pembeni. Kifue kwanza kwa sabuni, bila ile dawa ya kulainisha nguo, ili dawa ya kiwandani itoke na kama ni kusinyaa kisinyae mapema. Halafu kata kipande kidogo pembeni ukijaribu. Usiruke hatua hii hata kama unakifahamu kitambaa, maana nyeusi mbili zinazofanana dukani hutoka tofauti kabisa: moja inakuwa rangi ya kutu, nyingine ya mchanga, nyingine waridi iliyofifia. Nyeusi aghalabu ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kila moja ina ukaidi wake. Zipo pia rangi ambazo jiki haiziwezi. Ukiona robo saa imepita na kipande cha majaribio hakijabadilika, tafuta kitambaa kingine. Kuongeza nguvu ya jiki hapo ni kuiumiza pamba bure.

Vipimo vyangu ni kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe vitatu vya maji baridi. Kama kipande cha majaribio kimebadilika haraka mno, naongeza maji. Jiki iliyokaa sana kabatini hupungua nguvu, ndiyo maana kipimo cha mwenzako kisikuzuie kujaribu cha kwako. Tumia beseni la plastiki, si la chuma wala aluminiamu. Vaa glavu, kinga macho, fanya kazi nje au madirisha yakiwa wazi. Na usichanganye jiki na siki, wala na dawa yoyote ya usafi yenye amonia au asidi. Siki inafyatua gesi ya klorini, na hiyo ni sumu ya mapafu. Nasisitiza kwa sababu ushauri wa kusuuza kwa siki ili "kuua jiki" unazunguka sana, na ni ushauri wa hatari ambao hata kazi yenyewe hauifanyi.

Michoro ndiyo sehemu ya raha. Kunja kitambaa kama feni, kibane kwa vibanio vya nguo vya plastiki, chovya ukingo mmoja tu, utapata mistari inayojirudia. Kifunge kwa uzi, utapata miduara. Kikiwa kikavu, ncha za mchoro hutoka kali. Kikiwa kimeloa maji, jiki husambaa na ncha zinalegea. Mimi napenda kuchora kwa brashi juu ya kitambaa kikavu. Brashi iwe ya nailoni, kwani ya manyoya huyeyuka kama ile sufu.

Sasa angalia rangi inavyogeuka. Kitambaa kilicholoa huonekana kimekoza kuliko kitakavyokuwa kikikauka, kwa hiyo kitoe wakati bado unahisi kwamba hakijafika. Kisuuze kwa maji mengi, badilisha maji, suuza tena. Wengi huishia hapo na kuanika. Maji yanapunguza jiki, lakini iliyojificha ndani ya nyuzi inabaki na inaendelea kula taratibu. Inahitaji kitu cha kuizima. Dukani kunakouzwa rangi za vitambaa ulizia sodiamu thaiosalfeti au sodiamu metabaisalfaiti. Ya pili natia kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 10, nalowesha kitambaa dakika kumi na tano nikikigeuzageuza. Harufu yake ni kali, mwenye pumu akae mbali. Kama huipati, haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa inafanya kazi hiyohiyo: kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, baada ya kitambaa kusuuzwa vizuri. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka pale palipopaushwa. Hiyo ni oksijeni, na vipovu vikikoma ujue jiki imekwisha. Kisha fua kwa sabuni, suuza, anika.

Kikikauka, kinuse. Kama harufu ya jiki bado ipo, rudia kukizima. Halafu kikague kwa mikono: shika pale palipopauka zaidi, vuta kwa urefu, vuta kwa upana. Kikiachia hata kidogo, hakiingii kwenye mfarishi, hata kiwe kizuri vipi. Kitafutie kazi nyingine isiyovutwa wala kufuliwa.

Kwenye kukata nina msimamo wangu, na wapo watakaonipinga. Mchoro wa jiki unapotea ukikatwakatwa vipande vidogo. Umehangaika kupata mduara wenye ukingo wa moshi, halafu unaugawa pembetatu nane? Kata vipande vikubwa, na katikati yake weka vipande vya kitambaa kilekile ambacho hakikupaushwa, ili jicho lipate pa kupumzika. Maua na vitambaa vyenye michoro ya kiwandani naviacha nje. Ili kuchagua pa kukata, nachukua kadi ngumu, nakata dirisha la ukubwa wa kipande ninachotaka, naitelezesha juu ya kitambaa. Sentimita mbili kushoto ni doa tu. Ukisogeza kulia kidogo, doa linakuwa mchoro. Naweza kumaliza saa nzima na kadi hiyo bila kushika mkasi.

Mshono wa kawaida wa mfarishi huachiwa milimita 6 pembeni. Kwa kitambaa hiki mimi naacha sentimita nzima. Unapopiga pasi, lalisha mshono upande wenye rangi iliyokoza, la sivyo kivuli cheusi kitaonekana chini ya sehemu iliyopauka.

Baada ya hapo ni mfarishi kama mifarishi mingine. Kitambaa cha chini kizidi cha juu kwa sentimita 10 kila upande, kitandaze sakafuni na ukibandike kwa utepe kisicheze, juu yake tandika tabaka la pamba, kisha uso wenyewe. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka, kuanzia katikati kwenda nje, mistari iachane kama upana wa kiganja. Wenye haraka hutumia pini, sina ugomvi nao, ila pini zisipite mahali palipopauka sana kwani tundu linabaki.

Kutia mishono ya juu, ile inayoshika tabaka zote tatu, nafanya kwa mkono: sindano fupi, subana (kikofia cha kukinga kidole) kidoleni, fundo navuta hadi linazama ndani ya pamba. Na siweki miraba. Mshono wangu unafuata ukingo wa kupauka, nje yake kidogo, upande wenye rangi, ambako kitambaa bado kina nguvu zake zote. Ukimaliza kuzungushia mchoro mmoja, rudi nje nusu sentimita uuzungushie tena. Ikiwa hivyo, jiki yenyewe ndiyo imekuchorea ramani ya mishono na huhitaji chaki. Acha nafasi kati ya mistari kulingana na maelekezo ya tabaka la pamba ulilonunua, maana mengine yanajikusanya mabonge yakiachwa wazi sana.

Utepe wa kuzungushia pembeni kata wa sentimita 6, ukunje katikati kwa urefu, na utoke kwenye kitambaa ambacho hakikuguswa na jiki. Ukingo ndio unaovutwa, kushikwa na kusuguliwa kila siku, na ndio huchakaa wa kwanza.

Ufuaji wa kwanza ufanye peke yake, kwa maji baridi, ukiwa umeweka ndani kitambaa cheupe cha kukamata rangi itakayotoka kwenye sehemu nyeusi. Ikitoka nyingi, usiuache mfarishi umelala majini; utoe, usuuze mpaka maji yawe safi, uutandaze kivulini papo hapo. Ukiuacha ukiwa umekunjwa na maji, rangi hiyo inahamia kwenye sehemu ulizopausha.