Mtetemo wa ndani usiku

Dada wa Wete, umesema ukilala mwili watetema kwa ndani kama simu, na mkono ukiutazama umetulia tuli. Nakuelewa, yalinishika miezi mitatu. Nilianza na kahawa: vikombe vinne vya barazani nikabakisha kimoja cha asubuhi, usiku ukapoa kidogo. Andika saa inapokuja, ulivyolala, na dawa unazotumia. Ile ya pumu ya kuvuta, salbutamoli, hutetemesha watu. Kisha nenda hospitali upimwe tezi ya shingoni, sukari na wingi wa damu. Kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, kunywa ukitaka (mama alinipa, nikanywa), ila vipimo usiviache. Ukilegea upande mmoja, ulimi ukawa mzito au ukazimia, usingoje asubuhi, kimbilia hospitali.