Sauti niliyoambiwa naikosea

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Umewahi kulipa kiingilio kwenda kusikiliza muziki usio wa kwenu? Ulikuta nini?"

Kwanza nisahihishe: sikulipa mie. Alilipa mwanangu, na tiketi yenyewe haikukatwa kwa ajili yangu. Rafiki yake aliugua siku mbili kabla, mtoto akaona bora aende na mama kuliko kiti kikae kitupu. Nami nilikubali kwa sababu moja tu, kwamba sikutaka aendeshe gari peke yake usiku akirudi kutoka kule mlimani.

Kule mlimani panaitwa Red Rocks, magharibi ya Denver, Colorado, jimbo ambalo sasa ndiko kwangu. Ni uwanja wa wazi uliokaa baina ya majabali mawili mekundu, kila moja lina kimo cha kama mita 90. Jukwaa liko chini, mabenchi yanapanda mlima safu juu ya safu, na watu zaidi ya 9,000 wanaenea. Ulifunguliwa mwaka 1941, na watu wa huku wanausifia kama sisi tulivyokuwa tukiisifia Ngome Kongwe ya Unguja siku za tamasha la Sauti za Busara. Tofauti ni kwamba Ngome Kongwe unaingia kwa mguu wa kawaida, unatoka Forodhani na urojo wako tumboni. Huku uko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na mapafu yangu ni ya Vuga, mtaa wa Unguja mjini. Nilisimama mara nne kwenye zile ngazi. Kijana mmoja aliyekuwa akipanda huku anacheza akanipongeza, kama mtu anavyompongeza mtoto aliyeanza kutambaa.

Ilikuwa Oktoba 2022. Bendi ni King Gizzard & the Lizard Wizard, vijana sita wa Melbourne, Australia, walioanza mwaka 2010. Ndani ya gari mwanangu alinisomesha: hawa ni watu wa kujitegemea, hawapangiwi na kampuni kubwa nini watoe na lini. Mwaka 2017 peke yake walitoa albamu tano. Moja waliigawa bure kabisa, wakaruhusu anayetaka aichape santuri na aiuze kwa faida yake. Akaniangalia aone kama nimeshangaa. Nikamwambia Darajani tulikuwa na maduka ya kaseti yaliyokuwa yakifanya hivyo hivyo, tena bila ya kuruhusiwa na mtu, na mjomba wangu hakuwahi kuona senti.

Huyo mjomba ndiye sababu ya barua hii kuwa ndefu. Ni mpiga kanuni. Nimekulia kwenye baraza ya nyumba yake, nikimsikiliza akitengeneza sauti kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akipiga. Kanuni, kwa asiyeijua, ina nyuzi nyingi zilizolazwa juu ya sanduku, na upande wa kushoto ina vijichuma vidogo ambavyo mpigaji anavinyanyua na kuviteremsha ili uzi upande au ushuke kidogo tu. Hicho kidogo ndicho chenyewe. Kwenye piano, baina ya kibao na kibao jirani yake hamna kitu. Kwenye kanuni na udi na fidla mna njia nzima pale katikati, na taarabu ya zamani inapita njia hiyo. Mwimbaji akiigusa ile sauti ya katikati, ndipo unaposikia bibi mzima nyuma anasema "Allah!" na kujifunika uso kwa buibui.

Miaka michache kabla ya usiku huo nilijiunga na kwaya ya mtaani hapa, ya watu wazima wasio na kazi Jumanne jioni. Nilitaka kuimba tu. Mwalimu wake, mtu mpole sana, alikuwa akinisimamisha kila mara pale pale. "Umeshuka," anasema, na anagonga kibao cha piano. Naimba tena. "Sasa umepanda." Anagonga cha pili. Koo langu lilikuwa likienda lilikolelewa, katikati, na pale katikati yeye hakuwa na pa kugonga. Hakuniambia neno baya hata moja. Baada ya wiki ya sita sikurudi, nikajisemea kuwa sauti imezeeka.

Basi kule Red Rocks tukakaa, yaani tulikuwa na mahali pa kukaa lakini hakuna aliyekaa. Kabla ya wimbo wa kwanza kumalizika safu yetu nzima ilikuwa inaruka, na benchi likawa linanipiga kwenye mashavu ya miguu. Mwanangu alinipa vizibo vya masikio vya sponji. Moshi wa bangi ulikuwa umetanda (huku Colorado bangi inauzwa dukani kihalali tangu 2014, msije mkadhani nilikuwa kwa wahuni), na baridi ya mlimani ilikuwa imeshaingia, nikajifunga kanga juu ya koti. Ngoma ilikwenda kwa kasi ambayo mimi naijua kwa cherehani tu. Nusu saa ya mwanzo nitasema kweli: sikusikia muziki. Nilisikia kishindo, na nikawa nahesabu taa za Denver zinazoonekana kwa mbali nyuma ya jukwaa.

Nilichokifurahia ni watu. Kwenye taarabu sisi tunakaa, tunasubiri neno. Likikugusa unanyanyuka taratibu, unapita mbele ya kila mtu, khasa yule uliyemkusudia, unakwenda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Huku neno halikuwa na kazi. Nilimuuliza mwanangu wanaimba nini, akasema, "Mama, sijui." Anawapenda miaka yote hiyo na hajui! Lakini jasho lilikuwa la kweli. Kijana wa mbele yetu alikuwa amevua shati kwenye baridi ile, anatikisa kichwa kwa nywele zote, na kila wimbo ukiisha anageuka nyuma kutuangalia sote usoni kuhakikisha kwamba na sisi tumeona.

Halafu wakabadilisha magitaa.

Mwanangu akanishika mkono. "Haya ndiyo niliyokuwa nataka uyasikie." Magitaa hayo, akasema, yametengenezwa makusudi: kwenye shingo wameongeza vyuma baina ya vile vya kawaida, ili yapige sauti zilizo katikati. Kiongozi wao, Stu Mackenzie, alipata kinanda cha nyuzi cha Kituruki kiitwacho bağlama, kikamnogea, wakaona bora watengenezewe magitaa yanayoweza kukifuata. Wakatoa albamu nzima kwa magitaa hayo, ile ambayo jina lake lina ndizi ndani yake. (Niliuliza kwa nini ndizi. Gitaa la kwanza lilikuwa la manjano.)

Sikumsikia vizuri alipokuwa akieleza, maana walikuwa wameshaanza. Kishindo kilikuwa kile kile, ngoma ile ile ya kukimbizwa. Juu yake gitaa likapanda ngazi tatu, na ya nne ikakaa pale. Katikati. Pale ambapo mwalimu wa kwaya hakuwa na kibao.

Nikavua vizibo vya masikio. Likarudia, likarudia tena, wale watu hawana haya ya kurudia, na mara ya tano au ya sita uwanja mzima ukaanza kuufuata ule mwendo kwa midomo, la-la-la, wazungu watupu wa Colorado, walevi nusu yao, wanaitafuta sauti ya katikati na wengi wao wanaikosa. Wanapanda juu kidogo au wanashuka chini kidogo. Mimi sikuikosa. Niliimba kwa sauti yote niliyobaki nayo baada ya zile ngazi, na yule kijana asiye na shati akageuka, akanisikiliza, akajirekebisha.

Nilitaka kwenda kumtunza mtu. Nilikuwa na noti ya dola 20 mkononi, wallahi, nimeshaitoa kwenye pochi. Baina yangu na jukwaa palikuwa na safu kama arobaini na walinzi. Mwanangu aliinunulia chai ya moto ya dola 6, chenji hakurudisha.

Walipiga kwa muda wa karibu saa tatu, na mapumziko katikati. Magitaa ya katikati waliyashika kwa nyimbo chache tu, kisha wakarudi kwenye kishindo, na mimi nikarudisha vizibo vyangu.

Kabla ya kulala nilimtumia mjomba kipande cha sekunde arobaini nilichorekodi kwa simu, Unguja kukiwa asubuhi. Jibu lake la sauti lilikuja nikiwa kazini. Kwanza anakohoa. Kisha anauimba ule mwendo mdomo umefumbwa, pole pole, kwa mwendo wa binadamu, na pale kwenye sauti ya nne anaishusha kidogo zaidi kuliko walivyoishusha wao. Anaurudia. Kisha anasema: "Wamekaribia. Lakini huyo wa ngoma, mwanangu, muulize anamkimbia nani."