Maswali ya Wasomaji: Simanzi Ndani ya Sinthesaiza

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kwamba muziki wa kielektroniki hauwezi kuwa na huzuni, eti mashine haina moyo. Lakini yupo mwanamuziki wa aina hiyo ambaye kila nikimsikiliza napatwa na unyonge. Nani mkweli?

JIBU: Wewe. Simanzi imo ndani ya sauti yenyewe, na inapimika. Mwaka 1996 Alf Gabrielsson na Patrik Juslin, watafiti wa Sweden, walichapisha matokeo ya wanamuziki waliotakiwa kupiga nyimbo zilezile kwa hisia mbalimbali. Ilipofika zamu ya huzuni, kasi ilipungua, sauti ikashuka, noti zikaunganishwa badala ya kukatwakatwa, na kila noti ikaanza taratibu kwa rangi ya sauti iliyofifia. Mtu mwenye majonzi huongea vivyo hivyo: polepole, chini, maneno yakiburutana. Sikio halina haja ya kujua kama sauti imetoka kooni au kwenye osileta, ile sehemu ya sinthesaiza inayozalisha sauti. “Avril 14th” ya mwanamuziki wa kielektroniki Aphex Twin, iliyotoka mwaka 2001, ilipigwa na piano inayoendeshwa na kompyuta. Kwenye rekodi hiyo vibonye vilisukumwa na mashine, na bado wengi huisikiliza kimya kimya.

Ila usivuke mpaka ukadai kwamba mtunzi alikuwa na huzuni siku ile. Dalili hizo zote anaweza kuziweka mtu mwenye furaha tele, mradi anaijua kazi yake.

Kujua kinachokugusa wewe, ingiza wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti. Kwanza pandisha kasi bila kubadili kimo cha noti, tuseme kutoka mapigo 75 hadi 110 kwa dakika. Unyonge ukitoweka, ulikuwa kwenye mwendo. Usipotoweka, rudisha kasi, kisha ongeza desibeli 6 kuanzia 3,000 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwenda juu. Huzuni ikiyeyuka hapo, ilikuwa kwenye ufifi wa rangi. Ikibaki palepale, chunguza mpangilio wa noti. Halafu mpe wimbo mtu ambaye hajaona jina la wimbo huo wala picha ya jalada, kwa sababu vitu hivyo viwili huliambia sikio lisikie nini kabla noti ya kwanza haijalia.

SWALI: Nimetengeneza sauti laini kwa osileta mbili, ya pili nimeipandisha senti 5. Noti za chini zina majonzi mazuri, lakini za juu zinatetemeka hadi kichwa kinauma. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, umekutana na hesabu. Nusu toni ina senti 100, na senti ni uwiano, kwa hiyo tofauti yake kwa Hz hukua kadiri noti inavyopanda. Kwenye 110 Hz, senti 5 ni tofauti ya karibu 0.32 Hz: sauti huvimba na kunywea mara moja kila sekunde 3 hivi, mwendo wa pumzi ya mtu aliyetulia. Kwenye 440 Hz tayari ni mara 1.27 kwa sekunde. Ukifika 1,760 Hz ni mara 5 kwa sekunde, na huo ni mtetemo, simanzi imeshakimbia.

Kama sinthesaiza yako inaruhusu kupanga tofauti kwa Hz badala ya senti, weka 0.6 Hz na umemaliza. Kama hairuhusu, fanya tofauti ipungue noti zinapopanda: takribani senti 9 kwenye 110 Hz, senti 2.4 kwenye 440 Hz, na 0.6 tu kwenye 1,760 Hz. Shusha pia osileta ya pili kwa desibeli 6. Zikilingana nguvu, kuna nukta ambapo zinafutana na noti inadidimia kabisa; ikiwa wimbi la pili lina nusu ya ukubwa wa la kwanza, sauti hunywea bila kupotea.

Bado utahitaji kuyumba kidogo kama kanda iliyochoka. Watu wengi huyumbisha kimo cha noti kwa wimbi moja la sine na matokeo yake ni king'ora. Weka mawimbi mawili yasiyopatana, kwa mfano 0.31 Hz na 0.47 Hz, kila moja senti 3 au 4, ili sikio lisiweze kutabiri linapoelekea. Mwanzo wa noti uwe milisekunde 200 hadi 400, na filta, yaani kichujio cha sauti, ikate sauti za juu kuanzia kati ya 800 na 1,500 Hz. Ukikata chini zaidi ya hapo, wimbo utasikika kama unapigwa nyumba ya jirani.

SWALI: Je, ni lazima nitumie skeli ya maina, ile inayosifika kwa huzuni?

JIBU: Hapana. Katika C meja, piga F, A na C pamoja, kisha shusha A hadi A bemoli huku nyingine zikibaki, halafu rudi C, E na G. Noti moja imesogea nusu toni tu, na kifua kimebana. Maina iliyopigwa kwa mapigo 128 na ngoma nzito huchezesha watu usiku kucha.

SWALI: Riveba yangu, yaani mwangwi ninaouongeza kwenye wimbo, ni ya sekunde 9 lakini wimbo umekuwa tope. Nipunguze sauti yake?

JIBU: Punguza urefu kwanza. Kwa mapigo 70 kwa dakika, mapigo manne huchukua sekunde 3.4. Kipimo cha riveba ni muda wa mwangwi kushuka desibeli 60, kwa hiyo ukibadilisha noti kila mapigo manne, zile za awali zimeshuka desibeli 23 tu na bado zinagombana na mpya. Jaribu sekunde 4 hadi 5, na ukate mwangwi wote ulio chini ya 250 Hz, maana tope lako kubwa limelala huko. Kuchelewesha mwangwi kwa milisekunde 30, ushauri unaorudiwa kila mahali, hakutakusaidia sana ikiwa noti yenyewe huchukua milisekunde 300 kuamka.