Skrini ya bluu inayobadilisha kosa kila mara: fundi asipige Windows kwanza

Mkuu, umesema laptopu inaanguka na skrini ya bluu, juzi MEMORY_MANAGEMENT, jana IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, leo PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na fundi anataka kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tena. Mwambie asubiri.

Mimi hizi mashine ndizo kazi yangu. Kinachonishtua kwako ni kwamba kosa linabadilika. Lingekuwa lile lile, likitaja faili lile lile la .sys, ningeshuku draiva, programu inayoendesha kifaa fulani cha mashine. Ndivyo ilivyokuwa 19 Julai 2024, sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5: skrini zilitaja csagent.sys. Makosa yakirukaruka hivi, shuku RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), joto au umeme.

Ingia C:\Windows\Minidump, ufungue mafaili ya .dmp, rekodi za kila anguko, kwa programu ya BlueScreenView, ni ya bure na nyepesi. Ukikuta ntoskrnl.exe usiishupalie, hiyo ndiyo Windows yenyewe, na aliyeokota maiti si lazima awe ndiye muuaji. Folda ikiwa tupu na Event Viewer, daftari la matukio la Windows, inaonyesha Kernel-Power 41 peke yake (mashine ilizimika bila kufungwa vizuri), anza na chaja, betri na feni.

Je, uliongeza RAM karibuni? Nauliza kwa sababu niliwahi kuletewa mashine iliyopigwa Windows mpaka mwenyewe akachoka. RAM mbovu huharibu data inayopitia humo, kwa hiyo hata Windows mpya ilikuwa inaingia na mafaili yaliyokwishaharibika. Tulipotoa RAM ya mtumba aliyoongezewa dukani, ikatulia.

Zima, chomoa chaja, tenganisha betri, toa RAM zote. Sugua meno yake, ile mistari ya shaba inayoingia kwenye sloti, taratibu kwa ufutio wa penseli. Rudisha moja tu, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache ipime usiku kucha. Kosa hata moja, usijibembeleze, hiyo RAM haifai, ila kwanza ihamishie sloti ya pili uipime tena, maana huenda sloti ndiyo mbovu. Kipimo cha RAM kinachokuja na Windows sikitegemei, nimekiona kikipitisha RAM ambazo MemTest86 ilizikataa.

Zipime zote hivyo, moja moja; zikipita, tupia hapa .dmp za karibuni na useme SSD (diski ya kuhifadhia) ni ya aina gani. Na fundi akikulazimisha, hamisha mafaili yako kwanza.