Gari Litalala Wapi? Maswali ya Wapangaji wa Dar

*Kaka, dalali alinihakikishia nyumba ina paking. Nimeshalipa kodi ya miezi sita, nimehamia, nakuta kiuwanja kimoja tunagombania wapangaji wanne. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Tabata)*

Pole sana mama. Kwa dalali, "ina paking" maana yake gari linapita getini. Likishaingia, mtajuana wenyewe. Hata mimi yalinikuta nilipopanga Sinza. Tulikuwa na magari matatu, mstari mmoja, langu likiwa la ndani kabisa. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nikawa namgongea jirani dirishani. Anatoka na msuli wake, funguo mkononi, salamu haitikii. Siku za Jumapili ndiyo usiseme.

Kwa sasa itisha kikao cha wapangaji na mwenye nyumba mwenyewe awepo, dalali keshachukua kodi yake ya mwezi mmoja na hutamwona tena. Mpange kwa saa za kutoka: anayewahi kazini alaze gari karibu na geti. Ukihama tena, nyumba kaiangalie saa tatu usiku, watu wakiwa wamesharudi. Saa sita mchana kila uwanja ni mpana.

*Nimepata chumba, sebule na jiko Kijitonyama, bei nzuri, ila geti naliona jembamba. Nina Noah. Itaingia?*

Noah ina upana wa mita 1.7 hivi, bado vioo vya pembeni, na urefu wa kama mita 4.6. Lakini mara nyingi kinachokwamisha si geti, ni kona ya kichochoro kabla ya geti. Kwa hiyo usiende kuiangalia nyumba kwa bodaboda. Nenda na Noah yako, iingize, igeuze, itoe. Mwenye nyumba akisema "mbona wengi wanaingiza", mjibu kwa heshima kwamba na wewe unajaribu tu.

Ukiwa hapo, tazama mambo mawili watu huyasahau. Geti likifungukia ndani, linakula nafasi ya gari. Halafu ulizia shimo la maji taka liko wapi. Nyumba zetu nyingi shimo liko hapohapo uwanjani, na mfuniko wa zege uliomwagwa kwa ajili ya watu kupita haukutengenezewa tairi. Ukiona ufa, usiegeshe juu yake hata kwa dakika tano.

*Nyumba niliyoipenda iko Mwananyamala ndani, gari halifiki. Kuna jamaa barabarani analaza magari ya watu. Nimwamini?*

Huduma hiyo ipo na inawasaidia wengi. Muulize nani analinda usiku, geti linafungwa saa ngapi, na kama anatoa risiti. Kisha zungumza na mtu ambaye tayari analaza gari hapo, umuulize kama amewahi kukuta vioo au taa havipo. Tembea kwa miguu kutoka hapo hadi nyumbani saa nne usiku, peke yako, ndipo uamue.

Na piga hesabu. Tuseme anatoza 2,000 kwa usiku: hiyo ni 60,000 kwa mwezi, na 360,000 kwa ile miezi sita unayolipa kwa mkupuo. Hapo "kodi nafuu" inaweza isiwe nafuu tena.

*Msasani Bonde la Mpunga, nyumba ina paking safi kabisa. Tatizo lolote?*

Jina la mtaa limekujibu nusu. Angalia ukutani, chini, kama kuna mstari wa tope uliopakwa rangi juu yake. Waulize vijana wa bodaboda pale kona maji ya masika hufika wapi. Hao hawana nyumba ya kupangisha.

*Mimi sina gari, lakini mwenye nyumba wa Kimara anasema kodi iko juu kwa sababu ya paking. Ni haki?*

Mwombe apunguze. Akikataa, na kama unatarajia kununua gari, mwambie aandike kwenye mkataba kwamba nafasi ile ni yako, ionyeshwe ni ipi, na asimpe mpangaji mwingine. Wengi kufikia hapo hupunguza. Akikataa hata hilo na bado nyumba unaitaka, lipa, kisha funga kamba yako hapo uanike nguo.